Mgongo Ulisema, Sisi Tukaziba Masikio

Wiki hii mambo ya mapenzi na mitindo tuyaweke kando kidogo. Nina la moyoni.

Ninaishi Mzinga, hapa hapa Moro, na mama yangu mdogo. Mwaka 2019 alikatwa titi la kushoto kwa ajili ya saratani. Akamaliza dripu za dawa, nywele zikaota, tukachinja kuku. Tukajua yamekwisha.

Mwaka 2024 mgongo ukaanza kumsumbua. Mimi nikajifanya daktari: "Mama, punguza kubeba ndoo!" Zahanati moja ikampa vidonge vya maumivu. Mjomba, ambaye kwetu Waluguru neno lake ni zito, akaagiza akandwe kwa maji ya majani. Miezi minne ikakatika! Hakuna aliyeuliza habari za titi, naye hakusema. Baadaye aliniambia, "Nilihisi, mwanangu. Niliogopa kulitaja."

Usiku aliposhindwa kugeuka kitandani ndipo nikashtuka. Tukatafuta barua ya rufaa, tukapanda treni ya SGR hadi Dar, kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Swali la kwanza la daktari: "Umewahi kuugua saratani?" Akapigwa picha, akachukuliwa kinyama kidogo kikapimwe. Jibu likatoka: saratani ya titi imehamia kwenye uti wa mgongo.

Nikauliza, kwa hiyo sasa ni saratani ya mifupa? Kumbe siyo. Chembe ni zile zile za titi, zimesafiri tu, na dawa zake ni za saratani ya titi. Huweza kwenda pia kwenye mapafu, ini au ubongo, hata baada ya miaka mingi. Daktari hakutuficha: kupona kabisa hapana, lakini hutulizwa, na mtu akaishi.

Mama alipigwa mionzi, maumivu yakapungua. Sasa anameza kidonge cha homoni kila siku na anauza maandazi yake. Siku akichoka, unga nakanda mimi. Cheka tu!

Washikaji, kama nyumbani kuna aliyetibiwa saratani hii, msidharau maumivu ya mfupa yasiyoisha, kubanwa pumzi au kukonda bila sababu. Miguu ikifa ganzi au kuishiwa nguvu, hospitali siku hiyo hiyo. Na mkifika, aanze kwa kusema: "Niliwahi kuugua saratani ya titi." Maneno matano tu. Sisi kutoyasema kulitugharimu miezi minne.