Nati imekamata: pesa yako iende wapi?

Gari linalolala karibu na bandari ya Malindi, Unguja, linapata chumvi ya bahari kila siku. Lile linalobeba samaki ndilo zaidi, maana maji ya chumvi yanachuruzika mpaka kwenye chasisi. Nati za ekzosi na shokapu zikishakamata, wengi wanakimbilia kununua dawa. Anza na spana.

Magari mengi ya Unguja yametoka Japani, kwa hiyo soketi za milimita 10, 12, 14, 17 na 19, na 21 ya nati za tairi, zinamaliza kazi nyingi. Nunua mojamoja, za pembe sita. Seti kubwa ya bei poa ndani ya sanduku la plastiki inavutia, lakini ukifungua unakuta za pembe kumi na mbili. Kwenye nati iliyoliwa na kutu zinateleza na kuviringisha kichwa chake, na hapo unalipia mchomeleaji, bolti mpya, pengine na siku nzima ya gari kulala gereji.

Ukija kwenye dawa, dizeli na mafuta ya taa ni rahisi na yako kila mahali, ila yanataka muda. Sugua kutu kwa brashi ya waya, paka jioni, paka tena asubuhi. Kopo la kupuliza ni ghali zaidi lakini linapenya upesi. Hakikisha limeandikwa ni la kufungulia nati zenye kutu, maana la kulainishia bawaba ni dawa nyingine. Lolote utakalotumia, lisifike kwenye diski wala pedi za breki.

Wakati wa kufungua, kaza kidogo kwanza, kisha rudisha. Ukisikia mlio mkavu, imeachia: zungusha nusu, rudi, tia mafuta tena. Ukihisi bolti inanyumbuka kama mpira bila mlio wowote, acha, inakaribia kukatika.

Moto wa gesi unafungua karibu kila kitu, lakini unaunguza mpira wa bushi na paipu za breki, na karibu na tangi la mafuta ni hatari. Mwachie fundi. Kabla hajawasha, muulize: bolti ikikatika, nani analipa? Bei ya kufungua mara nyingi haihusishi kutoa kipande kilichobaki ndani.

Mwenye gari moja la nyumbani anatoshwa na soketi sita nzuri na nusu lita ya dizeli. Kopo linunue kama gari linatakiwa barabarani kesho.