Je, Wajua? Sumu ya Mshale Iliyoingia Hospitalini

Je, wajua kwamba dawa mojawapo ya moyo iliyotegemewa katika hospitali za Ulaya karne ya 20 ilitoka kwenye mishale ya wawindaji wa bonde la Zambezi na nchi za Ziwa Nyasa? Na kwamba mgeni wa kwanza kuona inavyofanya kazi katika moyo wa binadamu aliigundua akipiga mswaki?

Mgeni huyo ni John Kirk. Wanaofuatilia historia ya pwani wanamjua kama konseli wa Uingereza Unguja, yule aliyembana Sultani Barghash mpaka ukatiwa sahihi mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa. Kabla ya siasa alikuwa daktari kijana kutoka Scotland, mpenzi wa mimea, katika msafara wa David Livingstone ulioanza Zambezi mwaka 1858. Huko aliwakuta wawindaji wakipaka mishale yao sumu iliyoitwa kombe. Ilitokana na mbegu za mmea unaopanda juu ya miti mingine. Maganda yake hukaa mawili mawili kama pembe, na kila mbegu ina shada la nyuzi laini linaloibeba kwenye upepo.

Kirk alichukua kiasi cha sumu hiyo akaitia mfukoni, mfuko uleule alimoweka mswaki wake. Alipopiga mswaki alisikia uchungu mkali mdomoni. Daktari ni daktari: alijipima mapigo ya moyo, akakuta yamepungua kasi. Kiasi kidogo kilichogusa brashi kilitosha kuutuliza moyo wake bila kumdhuru.

Mbegu zilipelekwa Uingereza, na mmea ukabaki na jina la wenyewe ndani ya jina la kisayansi, Strophanthus kombe. Mjini Edinburgh Thomas Richard Fraser aliishughulikia sumu hiyo kwa miaka mingi tangu takriban 1870. Alionyesha kwamba haiui kwa kupitia ubongo wala mapafu, bali inaukamata msuli wa moyo wenyewe. Kwa kiasi kidogo, moyo dhaifu hubana kwa nguvu zaidi na kusukuma damu vizuri. Kiasi kikizidi, moyo hubana na kubaki umebana.

Tatizo lilikuwa namna ya kuitumia. Matone ya kunywa hayakuaminika, kwa sababu utumbo hunyonya dawa hii kidogo sana, tena kwa kiwango kinachobadilika kutoka mgonjwa hadi mgonjwa. Mwaka 1905 Albert Fraenkel, mjini Strasbourg, alianza kuichoma moja kwa moja kwenye mshipa. Wagonjwa waliokuwa wakihema kwa taabu walipata nafuu muda mfupi baada ya sindano, na dawa hiyo ya kombe, iitwayo strofanthini, ikawa ya kawaida katika hospitali za Ujerumani kwa miongo kadhaa.

Je, wajua kwamba sababu hiyohiyo iliyowasumbua madaktari ndiyo iliyomwezesha mwindaji kula nyama yake kwa usalama? Sumu ikiingia kwenye damu kwa mshale huua. Ikimezwa pamoja na nyama iliyopikwa, utumbo hauipitishi kwa urahisi. Wawindaji wengi walikata na kutupa nyama iliyozunguka jeraha, wakala iliyobaki. Naona watu hawa wanastahili kutajwa mwanzoni mwa kila kitabu cha famasia. Walijua mmea upi, sehemu ipi ya mmea, uchemshwe vipi na uingie mwilini kwa njia gani. Maabara ya Ulaya ilianzia pale walipofikia wao.

Kenya na kaskazini mwa Tanzania sumu maarufu zaidi ya mishale haitokani na kombe. Inatokana na mti wa jamii ya Acokanthera, wenye majani magumu ya kijani yanayong'aa na maua meupe yenye harufu nzuri. Wagiriama na Wakamba wameipika tangu zamani, na Wata waliowinda tembo kwa pinde nzito upande wa Tsavo waliitegemea. Vipande vya mti na mizizi hukatwakatwa, huchemshwa kwa saa nyingi, maji huchujwa na kuchemshwa tena mpaka ubaki uji mzito mweusi kama lami. Uji huo hupakwa nyuma ya chembe, mahali kinaposhikana na wano, kisha huviringishiwa ukanda wa ngozi laini. Ukanda una kazi mbili: unaizuia sumu isikauke na kupoteza ukali, na unamlinda mwenye podo asijikwaruze.

Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Léon-Albert Arnaud alipata fuwele safi kutoka kwenye mti wa jamii hiyo uliotumiwa na Wasomali. Akaziita kwa jina la Kisomali la sumu hiyo, na sasa dunia nzima inaziita wabaini. Wabaini na strofanthini ni ndugu wa ukoo mmoja, glikosidi za moyo.

Je, wajua kwamba kuna panya anayetumia sumu hiyohiyo? Ni panya mwenye ushungi wa Afrika Mashariki, mkubwa kuliko panya wa nyumbani, mwenye manyoya marefu ya kijivu na meupe. Hutafuna gamba la Acokanthera, akalichanganya na mate, kisha akajilamba ubavuni. Nywele za sehemu hiyo si kama nywele nyingine za mwili wake: zimetobokatoboka na kufyonza mate yenye sumu kama utambi wa taa ufyonzavyo mafuta. Akitishwa hufumua manyoya ili adui aone mahali pa kuuma. Mbwa waliomng'ata wameugua vibaya, wengine wakafa. Utafiti uliothibitisha jambo hili ulichapishwa mwaka 2011, na aliyeuongoza ni Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora aliyefundisha Makerere na kuwachora wanyama wa Afrika Mashariki mmoja baada ya mwingine. Watu wa vijijini walikuwa wameshashuku sumu ya panya huyo tangu zamani.

Ulaya nayo ilikuwa na mmea wake wa moyo, digitalisi, wenye maua ya zambarau yaliyoning'inia kama kengele. Mwaka 1775 daktari Mwingereza William Withering aliulizwa maoni yake kuhusu dawa ya siri ya bibi mmoja wa Shropshire aliyewatibu watu waliovimba maji mwilini. Dawa ilikuwa mchanganyiko wa majani zaidi ya 20. Withering alitambua kwamba linalofanya kazi ni moja tu, akakaa nalo miaka 10 akiandika habari za kila mgonjwa, waliopona na waliokufa pia. Kitabu chake cha 1785 kinasomeka leo kwa heshima kwa sababu hakuficha makosa ya dozi. Aliwaelekeza madaktari waongeze kidogo kidogo, na mara tu mgonjwa anapoanza kukojoa sana, kutapika, kuharisha au mapigo ya moyo kushuka, waache papo hapo.

Hata hivyo majani hayafanani. Jani la msimu huu laweza kuwa kali kuliko la msimu uliopita, na mbegu za kombe zilizofika sokoni mara nyingi zilichanganywa na za mimea mingine ya jamii yake. Mfamasia angejuaje nguvu ya dawa iliyo mbele yake? Mwaka 1910 Robert Hatcher na J. G. Brody wa New York walipendekeza kipimo cha paka, yaani kiasi cha dawa kinachotosha kuusimamisha moyo wa paka kwa kila kilo ya uzito wake. Ni kipimo cha kikatili, lakini kwa miaka mingi ndicho kilichomwezesha mgonjwa kupata leo dawa yenye nguvu ileile aliyopata mwezi uliopita. Kilianza kupoteza umuhimu baada ya Sydney Smith kutenga digoksini safi mwaka 1930. Digoksini bado iko kwenye famasia zetu, na vidonge vyake hupimwa kwa mikrogramu.

Je, wajua habari za maharage ya hukumu? Huko Calabar, kusini mashariki mwa Nigeria ya leo, mshukiwa wa uchawi alinyweshwa maji ya mbegu nyeusi za mmea wa mtoni unaotambaa. Aliyetapika aliachiliwa, aliyekufa alihesabiwa mwenye hatia. Wamisionari Waskoti walizipeleka mbegu hizo Edinburgh. Robert Christison, profesa mzee wa dawa na mtaalamu wa sumu aliyezoea kutoa ushahidi mahakamani, aliamua mwaka 1855 kula robo ya mbegu ili aone. Alipoanza kulegea viungo na kusikia moyo unakwenda ovyo, alikunywa maji yenye sabuni aliyokuwa amenyolea ndevu, akatapika na kupona.

Mwanafunzi aliyeendeleza kazi hiyo ni Thomas Richard Fraser, yuleyule wa kombe. Tasnifu yake ya 1862 ilihusu mbegu hizi, na alieleza kwamba dawa yake hubana mboni ya jicho. Rafiki yake Douglas Argyll Robertson alijitia dawa hiyo jichoni mwaka 1863, akaona mboni ikisinyaa mpaka ikawa nukta. Kabla ya hapo madaktari wa macho walikuwa na atropini ya kupanua mboni, hawakuwa na kitu cha kuibana. Baadaye Ludwig Laqueur, daktari wa macho wa Strasbourg aliyekuwa na presha ya macho yeye mwenyewe, aliitumia kutibu ugonjwa huo, na glakoma ikapata dawa yake ya kwanza ya matone.

Mwaka 1934 Mary Walker, daktari wa hospitali moja ya Greenwich, London, alikuwa akimtazama mgonjwa wa miasthenia, ugonjwa unaolegeza misuli mpaka kope hushindwa kufunguka. Akawaza kwamba hali ile inafanana na ya mtu aliyepigwa sumu ya mishale ya Amerika Kusini, kurare, na dawa inayopingana na kurare ni fizostigmini, kiini cha maharage ya Calabar. Akampa mgonjwa sindano. Nguvu zilimrudia kwa saa chache. Fizostigmini huzuia kimeng'enya kinachovunja ujumbe wa neva kabla haujaufikia msuli vizuri, na dawa za ukoo huo zinatumika mpaka leo.

Aliyefanikiwa kuitengeneza fizostigmini maabara, bila mbegu, ni Percy Lavon Julian, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Alabama, mjukuu wa watu waliokuwa watumwa. Mwaka 1935, akiwa Chuo cha DePauw pamoja na Josef Pikl, alimshinda Robert Robinson wa Oxford, mmoja wa wakemia wakubwa wa wakati ule, na kuonyesha kwamba hatua za Robinson zilikuwa na kosa. Chuo kilikataa kumpa uprofesa kwa sababu ya rangi yake. Kwangu hiyo ni aibu isiyofutika, na ushindi wake unabaki mmoja wa mikubwa katika kemia ya dawa.

Turudi kwenye wabaini, kwa sababu kazi yake haikuishia kwenye moyo. Mwaka 1957 Jens Christian Skou wa Aarhus, Denmark, alichapisha utafiti kuhusu kimeng'enya alichokipata kwenye neva za kaa. Hakuwa na hakika kwamba ndicho pampu inayotoa sodiamu nje ya seli na kuingiza potasiamu. Mwaka uliofuata alikutana Vienna na Robert Post, aliyemwuliza swali moja: je, kimeng'enya chako huzimwa na wabaini? Skou alipiga simu maabara, jaribio likafanywa, jibu likawa ndiyo. Pampu hiyo hutoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili kila mzunguko, katika karibu kila seli ya mwili wako unaposoma hapa. Sumu ya mshale huiziba, sodiamu ikajaa, kalsiamu ikazidi ndani ya seli, na msuli wa moyo ukabana kwa nguvu zaidi. Skou alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997.

Na je, wajua kwamba huenda una mmoja wa mimea hii barazani? Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hupaka mishale yao utomvu wa waridi la jangwani, lile ua la rangi ya waridi lenye shina nene kama chupa linalouzwa kwenye vyungu kando ya barabara mijini. Utomvu wake una glikosidi za moyo. Ukilipogoa, vaa glavu au nawa mikono vizuri kwa sabuni, usiguse macho, na liweke mahali ambapo mtoto anayetambaa na mbuzi hawalifikii.