Bima ya afya: Kibarua cha wazazi wa watoto wenye ulemavu Kitui na Makueni

MTOTO mwenye mtindio wa ubongo haugui mara moja akapona. Huhitaji kunyooshwa viungo wiki baada ya wiki, dawa za kila siku iwapo ana kifafa, na kiti kipya kila anapoongezeka kimo. Bima za afya, aghalabu, zimebuniwa kwa ajili ya mtu anayeshikwa na malaria, akalazwa siku tatu, kisha akarejea shambani. Tofauti hiyo ndiyo inayowatatiza wazazi wengi wa kaunti za Kitui na Makueni, ambao wanaambiwa kuwa watoto wao wamekatiwa bima ilhali gharama kubwa zaidi ingali mikononi mwao.

Chukua mfano wa mtoto anayezaliwa miguu ikiwa imepinda kwa ndani. Kwa njia iliyobuniwa na Dkt Ignacio Ponseti, mguu hunyooshwa polepole kwa kufungwa plasta ngumu inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi nane. Baadaye mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma, hasa wakati wa kulala, hadi afikie umri wa miaka minne hivi. Plasta yenyewe si ghali. Kinachowashinda wazazi ni kufika hospitalini wiki nane mfululizo.

Kitui ni kaunti yenye ukubwa wa takriban kilomita 30,000 mraba. Mama anayetoka Tseikuru au Mutha kwenda mjini Kitui hupanda bodaboda kwanza, kisha matatu, akiwa amembeba mtoto ambaye pengine ana umri wa miaka saba na hawezi kuketi peke yake. Makueni ni ndogo zaidi, lakini mtu wa Mtito Andei naye ana safari ndefu kabla ya kuiona hospitali kuu ya kaunti mjini Wote. Hakuna bima ya umma inayomrudishia nauli.

Idadi kamili ya watoto hawa ni vigumu kuijua. Sensa ya 2019 iliiweka Makueni miongoni mwa kaunti zilizoongoza kwa kiwango cha watu wenye ulemavu, zaidi kidogo ya asilimia 4, huku kiwango cha nchi nzima kikiwa asilimia 2.2. Hata hivyo, takwimu hizo zilihusu watu wenye umri wa miaka mitano kwenda juu. Watoto wachanga na wale wa chini ya miaka mitano hawakuwamo, na hao ndio ambao tiba ya mapema huwafaa zaidi. Serikali inayopanga bajeti kwa hesabu hiyo inapanga bila kuwaona.

Ukambani si mgeni katika mjadala wa bima ya umma. Mwaka wa 2004, Bi Charity Ngilu akiwa Waziri wa Afya, Bunge lilipitisha mswada wake wa kuanzisha hazina ya bima ya afya ya jamii kwa Wakenya wote. Rais Mwai Kibaki alikataa kuutia sahihi. Wananchi wakabaki na Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, NHIF, iliyoundwa mwaka wa 1966 na ambayo kwa miaka mingi iliwafaa zaidi watu wa mishahara. Mkulima aliyetaka kujiunga kwa hiari alilipa Sh160 kwa mwezi, hadi mwaka wa 2015 ada hiyo ilipopandishwa kuwa Sh500.

Ugatuzi ulipohamishia hospitali nyingi mikononi mwa kaunti mwaka wa 2013, magavana wa eneo hili walijaribu njia yao. Makueni, chini ya Prof Kivutha Kibwana, ilianzisha mpango wa MakueniCare mwaka wa 2016. Familia ililipa Sh500 kwa mwaka mzima na kutibiwa katika hospitali za kaunti bila malipo mengine. Bi Ngilu, ambaye kufikia wakati huo alikuwa gavana wa Kitui, alifuata mwaka wa 2018 na mpango wa K-CHIC kwa Sh1,000 kwa familia kwa mwaka. Machakos, kaunti jirani, ilikuwa miongoni mwa kaunti nne ambako serikali ya kitaifa ilianza majaribio ya afya kwa wote mnamo Desemba mwaka huo huo.

Mipango hiyo ya kaunti ilikuwa na sifa moja ambayo haifai kusahaulika: ada ilikuwa ndogo, ilijulikana mapema na haikumtaka mtu aeleze anamiliki nini. Mzazi aliweza kuuza kuku wawili na kulipa ya mwaka. Kasoro yake ilikuwa mpaka. Kadi ya kaunti ilikuwa na nguvu katika hospitali za kaunti, ilhali upasuaji wa watoto wenye mgongo wazi, kichwa kilichojaa maji au mifupa iliyopinda vibaya hufanywa zaidi Nairobi au Kijabe, ambako hospitali ya watoto ya CURE ilifunguliwa mwaka wa 1998. Kwa hivyo kadi ilimsaidia mtoto mwenye ulemavu alipopata homa ya mapafu, ikamwacha alipohitaji tiba ya ulemavu wenyewe.

NHIF ilifungwa mwaka wa 2024. Kuanzia Oktoba 1 mwaka huo, mahali pake palichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyoundwa na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023. Wakenya wote walitakiwa kujisajili upya, hata waliokuwa wanachama wa NHIF kwa miaka ishirini.

Mpango huu una hazina tatu, na kuzichanganya kumewagharimu wengi. Ya kwanza ni ya afya ya msingi. Hii humlipia yeyote aliyesajiliwa anapotibiwa katika zahanati au kituo cha afya, yaani Ngazi ya 2 na ya 3, hata kama hajatoa mchango wowote. Ya pili ndiyo bima yenyewe, inayolipia huduma za hospitalini kuanzia Ngazi ya 4, nayo humhudumia aliyelipa tu. Ya tatu ni ya dharura na maradhi sugu au mahututi, ambayo huingilia pale kiwango cha hazina ya pili kinapomalizika.

Kwa mtoto mwenye ulemavu, ugumu huanzia katika mgawanyo huo. Zahanati ya kijijini humpa chanjo na dawa ya kikohozi bila malipo, na hilo si jambo dogo. Lakini mtaalamu wa tiba ya viungo, au yule anayemfunza mtoto kushika kijiko na kuvaa shati, aghalabu hupatikana hospitalini. Hivyo basi huduma ya bure iko karibu na nyumbani, ilhali huduma anayoihitaji zaidi iko mbali na inadai mchango.

Mchango huo ni kiasi gani? Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine. Mwalimu anayepokea Sh40,000 hutoa Sh1,100 kwa mwezi. Asiye na mshahara hukadiriwa mapato kwa kujibu maswali kuhusu jinsi anavyoishi, yakiwemo ya nyumba, maji na nishati anayotumia, kisha huambiwa kiwango chake. Hakuna anayelipa chini ya Sh300 kwa mwezi, na fedha hizo hutakiwa zote kwa mkupuo, za mwaka mzima.

Sh300 mara miezi 12 ni Sh3,600. Ni pungufu ya Sh6,000 alizolipa mwanachama wa hiari wa NHIF kwa mwaka, na huo ni unafuu wa kweli kwa maskini anayepangiwa kiwango cha chini. Lakini ni zaidi ya mara saba ya ada ya MakueniCare, na tofauti na NHIF hazilipwi kidogo kidogo. Mkulima wa ndengu na mbaazi hupata fedha baada ya mavuno, nayo mvua ya Ukambani haina ahadi. Mwaka wa 2025 serikali ilileta utaratibu wa Lipa SHA Pole Pole, ambapo mtu hukopeshwa mchango wa mwaka akaurejesha kwa awamu. Unasaidia, ila ni deni.

Kisha kuna suala la makadirio yenyewe. Paa la mabati na ng'ombe wawili huonyesha kuwa familia ina uwezo fulani. Hayaonyeshi kuwa mama aliacha biashara yake ya sokoni ili amlinde mtoto asiyeweza kuachwa peke yake, wala kwamba nepi za mtoto wa miaka tisa hununuliwa kila wiki. Familia mbili zenye nyumba zinazofanana zinaweza kuwa na maisha yasiyofanana hata chembe.

Kwa wasiojiweza, sheria imeweka mlango mwingine: serikali kuwalipia. Si wazo jipya. Enzi za NHIF kulikuwa na mpango wa kulipia bima familia za mayatima, ulioanza kwa majaribio mwaka wa 2014, na baadaye wazee na watu wenye ulemavu mkubwa wakaongezwa. Mwaka wa 2025 serikali ilizindua mpango wa kuwalipia michango ya SHA watu milioni 2.2 walio hohehahe. Wanafunzi wa shule za upili za umma nao waliwahi kuwa na bima yao, EduAfya, kuanzia mwaka wa 2018 hadi ilipokoma. Hiyo, kwa vyovyote vile, haikumfaa mtoto ambaye ulemavu ulimzuia kufika darasani.

Jambo linalowachanganya wazazi zaidi ni kwamba majina ya watoto wao huandikwa katika madaftari tofauti. Daftari la kwanza ni la Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, lililoundwa chini ya sheria ya 2003, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na sheria mpya iliyotiwa sahihi Mei 2025. Ili mtoto aandikwe humo, ni lazima achunguzwe kwanza na wahudumu wa afya katika hospitali iliyoidhinishwa. Kadi ya baraza humfungulia njia ya kuomba vifaa kama viti vya magurudumu na misaada ya masomo kutoka kwa hazina yake.

Daftari la pili ni la Inua Jamii. Tangu mwaka wa 2011, familia maskini zinazomtunza mtu mwenye ulemavu mkubwa, yule anayehitaji mlezi saa zote, zimekuwa zikipewa Sh2,000 kwa mwezi. Daftari la tatu ni la SHA. Kuwa na kadi ya NCPWD hakumaanishi kuwa mtoto ana bima, na wapo wazazi wanaoligundua hilo wakiwa tayari mbele ya dirisha la malipo. Aliye katika Inua Jamii na ambaye hajaingizwa katika orodha ya wanaolipiwa akiamua kutumia ruzuku hiyo kulipa Sh3,600, atatumia karibu ya miezi miwili yote.

Ndiyo maana mpangilio una maana. Cheti cha kuzaliwa ndicho cha kwanza. Mtoto aliyefichwa nyumbani kwa sababu ya haya au hofu ya maneno ya majirani mara nyingi ndiye asiye na cheti, na bila stakabadhi ni vigumu kumweka chini ya bima ya mzazi. Usajili wa SHA, unaofanywa kwa kubonyeza *147# au kupitia wahamasishaji wa afya ya jamii wanaozuru vijiji, hauhitaji malipo, na haufai kusubiri hadi pesa za mchango zipatikane: zahanati iko wazi kwa aliyesajiliwa. Uchunguzi wa ulemavu ufuate, kisha mzazi aende kwa chifu na afisa wa maendeleo ya jamii kuuliza kuhusu Inua Jamii na orodha ya wanaolipiwa.

Familia nyingi za huku hulelewa na nyanya huku wazazi wakifanya kazi Nairobi au Mombasa. Kwao upo unafuu ambao haujatangazwa vya kutosha. Bima ya SHA haifungwi na mpaka wa kaunti jinsi zilivyofungwa kadi za MakueniCare na K-CHIC. Baba aliye bawabu Industrial Area, au mama aliyeajiriwa kazi ya nyumbani South B, akikatwa mchango kila mwezi na kumwandikisha mtoto kuwa tegemezi wake, mtoto huyo anaweza kutibiwa Mwingi au Makindu bila bibi yake kulipia bima nyingine. Mwajiri anatakiwa na sheria kuuwasilisha mchango huo. Isitoshe, sheria humtambua mtoto mwenye ulemavu anayemtegemea mzazi kikamilifu hata baada ya kupita umri ambao watoto wengine huondolewa kwenye bima.

Yanayobaki nje ya bima hubebwa na wengine. Chama cha Walemavu wa Viungo nchini, APDK, kilichoasisiwa mwaka wa 1958, hutengeneza viti na vifaa vya kutembelea. Hospitali za kimisheni kama Muthale na Mutomo zimewahudumia watu wa Kitui tangu kabla ya ugatuzi kufikiriwa. Msaada wa aina hiyo ni wa hisani, na hisani haina ratiba ya wiki nane mfululizo.

Kwa anayepewa barua ya rufaa kwenda mbali, maswali matatu yafaa kuulizwa kwa simu kabla ya kutafuta nauli: kama hospitali hiyo ina mkataba na SHA, kama huduma iliyoandikwa kwenye barua imo katika orodha inayolipiwa, na kama mchango wa mwaka ungali hai siku ya miadi. La mwisho ndilo husahaulika upesi, kwa kuwa mchango uliolipwa mara moja humalizika mara moja, pengine katikati ya plasta ya nne na ya tano.