Kigonsera tulimjua Castolo kabla ya kuijua Majimaji

KUNA straika mmoja hajawahi kusajiliwa na Simba wala Yanga, hajawahi kugusa mpira kwenye uwanja wowote duniani, lakini vijana wa rika langu huku Mbinga wanamjua kuliko wanavyowajua mabingwa wa mkoa wao. Anaitwa Castolo.

Huyu jamaa ni wa kubuni. Kampuni ya Konami ya Japan ilimweka yeye na kina Minanda na Ximelez kwenye kikosi cha kuanzia cha Master League, ndani ya gemu ya Pro Evolution Soccer, ile ambayo mtaani wengi waliizoea kwa jina la Winning Eleven. Unapewa timu ya watu wasiojulikana, unauza, unanunua, unapanda daraja, mwisho unabeba makombe.

Hapa Kigonsera, kwenye barabara ya Songea kwenda Mbinga, elimu hiyo tuliipata kibandani. PlayStation 2 moja, televisheni ya chogo, pedi mbili zilizofungwa mpira wa baiskeli na jenereta inayonguruma nje. Sheria ilikuwa moja tu: anayefungwa anapisha. Msimu wa kahawa, pesa zikiwa mikononi mwa watu, benchi lilijaa hadi mlangoni.

Pale ndipo wengi tulijifunza maana ya 4-3-3, kazi ya kiungo mkabaji na kwa nini beki wa pembeni asipande ovyo. Kocha hatukuwa naye. Tulikuwa na pedi.

Ya kale ina ladha yake

Hivi karibuni nimeirudia PES 6, toleo la mwaka 2006, kisha nikakaa kwenye EA Sports FC ya mashine ya kisasa. Nilitaka kujua kama utamu wa zamani ulikuwa wa kweli au ni utoto tu.

Uzee wake unaonekana mapema. Mashabiki jukwaani ni kama karatasi zilizobandikwa, nyasi ni zulia la kijani na sura za wachezaji wengine utazifananisha na mtu yeyote. Lakini mpira una uzito. Pasi ikipotea unajua umeipoteza wewe. Na ukimpa Adriano wa Inter Milan nafasi nje ya boksi, kipa aanze kusali. Nguvu ya shuti lake iliandikwa 99, na mtu aliyeichagua Inter kibandani alionekana hana aibu.

Ya kisasa ni dunia nyingine. Jasho linaonekana, jezi inapepea, uwanja ni uleule unaouona kwenye televisheni wikiendi. Wachezaji wa kike wamo pia, walianza na FIFA 16. Ila sehemu kubwa ya utamu wake inataka intaneti, na kadi za mastaa zinauzwa kwa pesa halisi. Hata eFootball, mrithi wa PES tangu mwaka 2021, ni ya bure kuipakua kwenye simu, lakini bando likikata, mechi yako na mpinzani wa mtandaoni imekwisha. CD ya zamani haikujua bando. Ilijua umeme na mtu wa kukaa naye bega kwa bega.

London FC ni nani?

Kuna jambo la PES 6 ambalo utotoni tulilichekea, leo naliona ni somo. Chelsea haikuwepo kwa jina lake. Iliandikwa London FC. Liverpool iliitwa Merseyside Red. Sababu ilikuwa leseni. Konami haikuwa na haki ya kutumia majina na nembo za klabu hizo, basi ikabuni majina mengine.

Mambo hayo yamemkuta hata mkubwa. EA ilitengeneza gemu za FIFA tangu mwaka 1993, lakini mwaka 2022 pande hizo mbili zilitangaza kuachana. FIFA 23 ikawa ya mwisho, na mwaka 2023 ikaja EA Sports FC 24. Kumbe jina ni mali. Asiye na mkataba hana jina.

Sasa hesabu na sisi tulipo. Mbwana Samatta alicheza Simba, akaenda TP Mazembe, akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015 na akawa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Ndani ya FIFA akaja kuonekana akiwa na jezi ya Genk, kwa sababu ligi ya Ubelgiji ilikuwamo. Mlango wa kuingilia ulikuwa Ulaya, siyo Msimbazi.

Majimaji ya Songea, Wanalizombe wetu, walitwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1985, 1986 na 1998. Ni historia kubwa kwa mkoa wa Ruvuma. Lakini mtoto wa hapa hana pa kuwachezesha mashujaa hao. Castolo anaye.

Vijana wameshaanza

Wapo watakaosema kampuni hizi zinafuata soko, na soko letu ni dogo. Ni kweli, hakuna anayetoa leseni wala kuinunua kwa huruma. Lakini Kaizer Chiefs na Orlando Pirates za Afrika Kusini zimewahi kuwamo kwenye FIFA. Kwa hiyo klabu ya Afrika kuingia siyo ndoto.

Na vijana wa Bongo hawajasubiri ruhusa. Fungua simu ya mpenzi wa Dream League Soccer, utakuta timu yake imevaa jezi ya Simba au ya Yanga aliyoiingiza mwenyewe. Hiyo ni njaa ya kujiona. Shirikisho la Soka Tanzania, Bodi ya Ligi na klabu zenyewe wanapaswa kuisoma njaa hiyo kama biashara, hasa nchi ikijiandaa kuwa mwenyeji wa AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda.

Benjamin Mkapa alisoma seminari hapa Kigonsera. Uwanja mkubwa wa Taifa, wenye uwezo wa kuchukua watu 60,000, ulipewa jina lake mwaka 2020. Leo mtoto wa Kigonsera akishika pedi anaweza kucheza Old Trafford au Anfield kila jioni. Kwa Mkapa hawezi.