Je, Wajua? Hita Huua Glavu za Kipa

Uingereza ilipotwaa Kombe la Dunia pale Wembley, London, mwaka 1966, kipa wake Gordon Banks alikuwa akitafuna chingamu na kujipaka viganjani mate yenye kunata ili mpira usimponyoke. Leo kazi hiyo hufanywa na sponji ya lateksi kwenye kiganja cha glavu, nayo ni laini kuliko wengi wanavyodhani. Matope ya Hackney Marshes, mashariki mwa London, ambako timu za mtaani hucheza Jumapili, yakikaukia humo huziba vitundu vyake na mshiko hupotea. Zioshe glavu mara tu baada ya mechi kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo isiyo kali. Minya taratibu hadi maji yatoke safi, usizisokote. Wakati wa baridi utashawishika kuzianika juu ya hita. Usithubutu! Joto hukausha lateksi ikapasuka na kumeguka. Zitundike kivulini penye hewa. Kabla ya kuingia uwanjani, lowanisha viganja kidogo, maana lateksi kavu haishiki vizuri. Na usizihifadhi viganja vikiwa vimebanana: vikigandana, siku ya kuvitenganisha sponji huchunika.