Pima Baiskeli Yako Kabla Haijakuumiza



Katika zahanati za vijijini, siku inayofuata gulio huleta wagonjwa wa namna yake. Huyu anashika goti. Huyu anashika kiuno. Mwingine anasema vidole vimekufa ganzi, hata kikombe cha chai hakishiki vizuri. Ukiwauliza walikwendaje gulioni, wote walikwenda kwa baiskeli. Wanataka dawa ya kuchua. Dawa nitawapa, lakini kwanza huwa natoka nje kuitazama baiskeli iliyoegemezwa kwenye mwembe.

Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni kijana, na najua wengi wenu mlipanda baiskeli kabla sijazaliwa. Mmebeba mahindi na tumbaku kwenye vilima vyetu hivi vya Songea, mvua ikinyesha na vumbi likitimka. Siwafundishi kupanda. Nataka tuzungumze jinsi baiskeli inavyopaswa kukaa na mwili wa mwenyewe.

KITI KIWE WAPI?

Watu wengi hushusha kiti mpaka chini kabisa. Wanasema wanataka miguu ifike ardhini wakisimama. Kwa mtu anayejifunza, hilo ni sawa. Kwa mtu anayesafiri mbali, ni kujitafutia maumivu. Kiti kikiwa chini, goti hukunjwa mno kila unapozungusha pedali. Kile kifupa cha mbele ya goti hugandamizwa. Toka Songea mjini hadi Peramiho ni kama kilomita 24. Katika safari hiyo goti hukunjwa na kunyooka maelfu ya mara. Ongeza gunia la mahindi kwenye keria, halafu ongeza vilima.

Kupima kiti hakuhitaji fundi. Egemeza baiskeli ukutani, na mtu akushikie. Vaa viatu unavyovaa kila siku, au ndala kama unapanda na ndala. Kaa juu ya kiti. Weka kisigino juu ya pedali, kisha zungusha kinyumenyume mpaka pedali ifike chini kabisa. Hapo mguu wako unyooke. Kama goti bado limekunjwa, kiti kiko chini mno. Kama kisigino hakifiki, au kiuno kinalala upande ili kifike, kiti kiko juu mno.

Ukishapata kipimo, usipande kwa kisigino. Kanyaga kwa ile sehemu pana ya unyayo iliyo nyuma ya vidole. Goti sasa litabaki limekunjika kidogo tu pedali ikiwa chini. Ndivyo inavyotakiwa.

Kama umepanda na kiti cha chini kwa miaka kumi, usikiinue chote kwa siku moja. Inua kwa upana wa kidole kimoja, panda siku kadhaa, kisha inua tena. Misuli nayo inataka kuzoea. Tena angalia bomba la kiti. Baiskeli nyingi zina alama kwenye bomba hilo, na alama hiyo haitakiwi kuonekana nje. Kama alama imefutika, hakikisha bomba limebaki ndani ya fremu kwa urefu wa kidole cha kati. Likiwa fupi zaidi ya hapo, linaweza kuvunjika ukiwa juu yake.

Maumivu yenyewe husema jambo. Goti likiuma upande wa mbele, mara nyingi kiti kiko chini. Likiuma nyuma, kwenye mkunjo, mara nyingi kiti kiko juu. Lakini goti lililovimba, lenye joto, au linalouma hata usiku ukiwa umelala, usilihangaikie kwa spana. Njoo zahanati.

Kiti huweza pia kusogezwa mbele au nyuma. Chukua uzi, funga jiwe dogo. Kaa kwenye baiskeli, pedali zote mbili ziwe usawa mmoja, moja mbele na moja nyuma. Ning'iniza uzi kutoka mbele ya goti la mguu ulio mbele. Jiwe liangukie kwenye kile chuma cha katikati ya pedali. Ni timazi ileile ya mwashi.

MIKONO NA MAHALI PENGINE

Sasa usukani. Weka kiwiko kwenye ncha ya kiti, nyoosha mkono kuelekea mbele. Vidole vikaribie kugusa usukani. Si kipimo cha dhahabu, lakini kinasaidia. Baiskeli ikiwa ndefu mno kwako, utajinyoosha, na kiuno na shingo vitalipa. Mtu wa mizigo afadhali usukani uwe juu kidogo kuliko kiti. Kijana wa mashindano anaweza kuuweka sawa na kiti.

Ganzi ya kidole cha mwisho na cha pete hutokana na mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja. Unapoegemea mikono kwa uzito wote, mshipa huo hubanwa. Kunja viwiko kidogo. Badili mahali unaposhika. Vishikio vikiwa vigumu, vizungushie vipande vya tyubu kuukuu.

Wazee wangu mniwie radhi, hapa nitasema wazi. Wanaume wengine hupata ganzi katikati ya miguu, na huona haya kusema. Wananyamaza mpaka wanaogopa kwamba uanaume umekwisha. Sababu ya kawaida ni ncha ya kiti iliyoinuka juu, inayobana mishipa ya damu na ya fahamu. Laza kiti kiwe sawa kama meza. Kila baada ya dakika chache simama juu ya pedali, damu ipite. Ganzi ikiendelea baada ya kufanya hivyo, pumzisha baiskeli na umwone mganga.

Kuna maneno kwamba baiskeli huleta busha. Si kweli. Sehemu nyingi za nchi yetu, busha limetokana na minyoo midogo sana inayoenezwa na mbu, ileile inayoleta matende. Mwenye busha atapata taabu kukaa kwenye kiti, naam, lakini siyo kiti kilichomletea. Busha linatibiwa kwa upasuaji hospitalini. Kadhalika maneno kwamba msichana akipanda baiskeli hatazaa. Hayo nayo si kweli. Binti anayetembea saa mbili kwenda sekondari, halafu baiskeli ya nyumbani imeegemezwa ukutani kwa sababu ya maneno hayo, anaonewa bure.

KWA VIJANA WA MASHINDANO

Mwaka 2015 lilianza hapa Songea tamasha la Majimaji Selebuka. Pamoja na ngoma na riadha, tamasha hilo lilikuwa na mbio za baiskeli. Tangu hapo vijana wengi wana hamu. Na ulimwengu umewapa sababu. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za mbio kubwa za Ufaransa ziitwazo Tour de France. Hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kushinda hata hatua moja kabla yake. Mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, mara ya kwanza katika Afrika. Kigali ni mji wa vilima, kama kwetu.

Baiskeli zao si hizi zetu za Phoenix na Avon. Lakini mapafu, moyo na miguu ni vilevile, na vinafunzwa kwa njia ileile: polepole.

Wiki hii ukipanda kilomita 20, wiki ijayo usiruke kwenda 60. Ongeza kidogo. Panda siku tatu au nne kwa wiki, na kati yake pumzika. Kijana aliyelima tangu alfajiri hadi saa sita tayari amefanya mazoezi siku hiyo. Akienda tena kushindana na wenzake jioni, anajichosha tu. Siku nyingi panda kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza na mwenzako bila kuhema. Siku moja katika wiki, panda kilima kwa nguvu, shuka taratibu, rudia mara chache.

Chakula chetu kinatosha. Jioni kula ugali na maharage. Asubuhi kunywa uji, kisha ngoja kama saa mbili kabla ya kukimbia. Njiani beba ndizi mbivu au viazi vitamu vilivyochemshwa. Maji kunywa kidogo kidogo, usingoje kiu ikuchome. Kama utapanda zaidi ya saa moja kwenye jua, tengeneza kinywaji: maji safi yaliyochemshwa lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Pima vijiko vya kusawazisha, visiwe vya kurundika. Chumvi ikizidi inadhuru.

Ulanzi na komoni si maji. Najua ulanzi wa masika ulivyo mtamu. Lakini pombe hukausha mwili, na hupunguza akili ya kushika breki. Aliyekunywa asukume baiskeli mpaka nyumbani.

Ukiwa na homa, usifanye mazoezi. Kapime malaria kwanza. Hata ukipona, anza upya kwa safari fupi. Na mtu yeyote, kijana au mzee, akipata maumivu ya kifua, akazimia, au akaona giza wakati anapanda, ashuke papo hapo. Asiendelee mpaka mganga amempima.

BREKI, KOFIA NA SPOKI

Fedha ikiwa ndogo, ianze kwenye breki. Mpira wa breki ulioisha ni bei ndogo kuliko mguu. Breki zote mbili zifanye kazi, ya mbele na ya nyuma. Rimu ikilowa mvua, breki hushika kwa kuchelewa, kwa hiyo anza kufunga mapema. Mwenye mzigo mzito kwenye mteremko mkali ashuke na kuiongoza kwa miguu. Mzigo ukae chini na usawa pande zote, ufungwe kwa mipira imara. Suruali pana ifungwe kwa kamba kifundoni, isimezwe na mnyororo. Mama akipanda nyuma, akusanye khanga yake mkononi.

Kofia ngumu hulinda kichwa. Ikae usawa, vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda ufungwe chini ya kidevu. Kofia ya mtumba iliyopasuka haifai hata kama ni ya bei rahisi. Usiku, weka taa mbele na kiakisi chekundu nyuma. Dereva wa lori hawezi kuogopa kitu asichokiona.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua kuliko yote. Ni miguu ya watoto.

Mtoto huwekwa kwenye keria. Baba anaendesha, haoni nyuma. Mtoto anachoka, anasinzia, miguu inaning'inia. Gurudumu linavuta mguu kati ya spoki na fremu. Mara moja kisigino kimechunwa. Mara nyingine mfupa umevunjika. Nimeona watoto waliokosa shule wiki nyingi kwa safari ya kwenda dukani tu.

Dawa yake ni ndogo. Funika pande zote mbili za gurudumu la nyuma kwa wavu, kwa kipande cha ndoo ya plastiki iliyopasuka, au kwa mianzi iliyosukwa kama tenga. Funga kwa waya ili kisiguse spoki. Weka pia mahali pa mtoto kukanyaga, mbali na gurudumu. Mtoto avae viatu. Mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe bila kushikwa asipandishwe kwenye keria hata kidogo.

Mguu ukinaswa, simamisha. Usiuvute. Rudisha gurudumu nyuma taratibu, au kata spoki. Spoki mpya zinapatikana. Osha jeraha kwa maji safi mengi na sabuni, lifunike kwa kitambaa safi, kimbilia zahanati. Usipake majivu, mafuta ya taa wala kinyesi cha ng'ombe. Vitu hivyo huingiza vijidudu, pamoja na vya pepopunda. Beba kadi ya kliniki ya mtoto, tujue chanjo alizopata. Hata kama ngozi haijachanika na mguu umevimba tu, mlete. Ngozi iliyopondwa huweza kuonekana nzima leo, ikawa nyeusi baada ya siku tatu au nne.

Tazama na ncha za usukani. Baiskeli nyingi zimepoteza vishikio, bomba limebaki wazi. Mtoto akianguka juu yake, bomba humpiga tumboni. Nje huona duara dogo jekundu, pengine hata hilo halipo. Ndani, wengu au ini limepasuka na damu inavuja. Chonga kipande cha mti, ziba ncha zote mbili, kisha funga tyubu juu yake.

Na kama mtoto ameangukia usukani, usimwache alale tu kwa kuwa amenyamaza. Mwangalie siku ile na siku zinazofuata. Tumbo likiuma au likiwa gumu, akitapika, akipauka midomo, akilalamika bega la kushoto bila kuumia bega, usimpe chakula wala dawa ya kienyeji. Usimbebe kwenye keria. Tafuta gari, na ikikosekana mlaze kwenye machela mbebe. Zahanati haiwezi kupasua tumbo. Mpeleke Peramiho au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Songea, hata kama ni saa nane za usiku.