Pampu ya maziwa ya mama: Unyevu mdogo unaobaki ndani ya kifaa waweza kumdhuru mtoto

Mwezi Februari mwaka 2022, mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya wakati alifariki dunia nchini Marekani akiwa bado hospitalini. Alikuwa akilishwa maziwa ya mama yake, yaliyokamuliwa kwa pampu. Wachunguzi walipofuatilia asili ya bakteria aina ya Cronobacter sakazakii waliomshambulia, nyayo ziliwafikisha nyumbani kwa wazazi, ambako bakteria hao walikutwa kwenye vifaa vya pampu hiyo. Vifaa havikuwa vimetelekezwa. Vilikuwa vikioshwa, tena vikitakaswa. Lakini vilioshewa ndani ya sinki la nyumbani, na mara nyingine viliunganishwa tena vikiwa bado na unyevu.

Kisa hicho, kilichochapishwa mwaka 2023 na Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, hakikuwa cha kwanza. Mwaka 2016 mtoto mwingine njiti, aliyezaliwa akiwa na wiki 29 za mimba, aliugua vibaya kwa bakteria wa aina hiyo hiyo. Safari hiyo vifaa vya pampu vilikuwa vikiachwa kwenye beseni la maji ya sabuni kwa muda wa hadi saa 5 bila kusuguliwa, kisha vikisuuzwa, vikianikwa na kuwekwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa hadi wakati wa kutumiwa tena. Kutokana na kisa hicho CDC ilitoa mwongozo maalumu wa usafi wa pampu za maziwa, mwongozo ambao sasa unafuatwa hata nje ya Marekani.

Maambukizi ya namna hii ni nadra, na makala haya hayakusudii kumtisha mama yeyote aache kukamua. Kwa mtoto aliyezaliwa kwa wakati na mwenye afya njema, hatari ni ndogo. Wanaoathirika zaidi ni watoto walio chini ya umri wa miezi 2, watoto njiti, na wale ambao kinga ya miili yao ni dhaifu. Tatizo ni kwamba hao ndio hasa ambao mara nyingi hawawezi kunyonya wenyewe, na ndio wanaotegemea maziwa ya kukamuliwa.

Likizo fupi, mashine mkobani

Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Sheria za kazi za ukanda huu haziufikii muda huo. Nchini Uganda mama aliyeajiriwa ana haki ya siku 60 za kazi. Tanzania inatoa siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kenya inatoa miezi 3, na Rwanda iliongeza likizo kutoka wiki 12 hadi 14 mwaka 2023. Mama anaporejea kazini, mwanawe bado hajafikia umri wa kuonja uji. Pengo hilo ndilo linalozibwa na pampu inayobebwa mkobani pamoja na chakula cha mchana.

Kenya imelitambua jambo hilo kisheria. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea chenye mahali pa kunawia mikono, jokofu au kifaa kingine cha kupoza, na soketi za umeme kwa ajili ya pampu. Ni nadra kwa sheria kutaja soketi. Hata hivyo, mama wengi wanaofanya kazi madukani, shuleni au katika ofisi ndogo hukamua ambako mlango unafungika, na mara nyingi mlango huo ni wa choo. Hapo ndipo ugumu wa usafi unapoanzia, kwa kuwa choo ni mahali pa mwisho ambapo chombo cha chakula kingestahili kufunguliwa.

Unyevu unaingiaje?

Pampu ya umeme hufanya kazi kwa kufyonza na kuachia, ikiiga kinywa cha mtoto. Mota ndogo huvuta hewa kupitia mrija mwembamba, na nguvu hiyo hulivuta titi ndani ya kikombe kinacholifunika. Maziwa hushuka, hupita kwenye vali laini ya silikoni, na kuingia kwenye chupa. Fikra hiyo ina umri mrefu: miongoni mwa waliosajili hataza za mashine ya aina hii katika miaka ya 1920 alikuwamo Edward Lasker, mhandisi ambaye ulimwengu unamkumbuka zaidi kwa umahiri wake wa kucheza sataranji.

Maziwa hayo hutoka yakiwa na joto la mwili. Mvuke wake hupanda, hukutana na plastiki iliyopoa, na kugeuka matone. Katika pampu za kisasa zilizo nyingi, kiwambo cha silikoni hutenganisha njia ya maziwa na njia ya hewa, ili maziwa yasirudi kwenye mrija wala kufika kwenye mota. Pampu zisizo na kizuizi hicho huweza kuvuta chembe za maziwa hadi ndani ya mashine, mahali ambapo hakuna brashi wala maji ya moto yanayoweza kufika. Kuvu ikishaota humo, haitoki.

Kwa upande mwingine, mafuta na protini za maziwa huacha utando mwembamba kwenye plastiki na silikoni. Utando huo hauonekani kwa macho, lakini bakteria huufanya makao, wakajifunika humo kiasi kwamba maji yanayotiririka hayawang'oi. Ndiyo maana kuloweka peke yake hakusaidii. Beseni lenye maji vuguvugu na mabaki ya maziwa, likiachwa mchana kutwa, hugeuka kuwa mahali pa kuwazalisha bakteria badala ya kuwaondoa.

Kuosha, si kusuuza

Usafi huanza kabla ya mashine kuwashwa: mikono inaoshwa kwa sabuni kwa sekunde zisizopungua 20, na mrija unaangaliwa dhidi ya mwanga. Ukionekana na madoa meusi ya kuvu, hauoshwi. Hutupwa na kununuliwa mwingine.

Baada ya kukamua, chupa hufunikwa na kuwekwa mahali pa baridi, kisha kila sehemu iliyogusa titi au maziwa hutenganishwa na nyingine. Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa haraka. Vali na kiwambo hubaki vimeshikamana na kikombe, na maziwa yaliyojificha katikati yake huchacha. Sehemu hizo husuuzwa kwanza chini ya maji yanayotiririka, halafu huoshwa kwa maji ya moto na sabuni ndani ya beseni maalumu, kwa brashi maalumu, ambavyo havitumiki kwa sufuria wala sahani. Sinki halifai kwa sababu rahisi: humo ndimo maji ya kuku mbichi na udongo wa mboga hupita, na tundu lake la kutolea maji huhifadhi vijidudu kwa muda mrefu. Kwa mamilioni ya nyumba za ukanda huu zisizo na sinki, ushauri huu ni mwepesi kuliko ulivyo kwa Wamarekani. Beseni dogo lenye mfuniko, likitengwa kwa kazi hiyo tu, linatosha, mradi nalo lioshwe kila baada ya siku chache pamoja na brashi yake.

Mrija hauoshwi ikiwa haukuguswa na maziwa. Ukionekana na matone ya mvuke, mashine huachwa iendelee kuvuma kwa dakika chache bila kukamua hadi hewa iukaushe. Mota yenyewe haitiwi majini kamwe. Hufutwa kwa kitambaa safi chenye unyevu kidogo.

Baada ya kuoshwa, vifaa hutakaswa. CDC inashauri jambo hilo lifanyike walau mara moja kwa siku kwa watoto wa makundi yaliyotajwa, yaani walio chini ya miezi 2, njiti, na wenye kinga dhaifu. Kuchemsha kwa dakika 5 kunatosha, ikiwa mtengenezaji ameeleza kuwa vifaa vyake vinastahimili moto. Silikoni huvumilia, baadhi ya plastiki hupinda, na kikombe kilichopinda hakifyonzi vizuri. Utakaso hauchukui nafasi ya kuosha: joto haliufikii vizuri uchafu uliofunikwa na mafuta.

Kukausha ni nusu ya kazi

Katika kisa cha mwaka 2022, jambo moja lililojitokeza ni maji yaliyobaki. Cronobacter ni sugu kiasi cha kuishi hata kwenye unga mkavu wa maziwa, lakini ili waongezeke wanahitaji unyevu. Kifaa kilichooshwa vyema kisha kikafungiwa kikiwa kimelowa huwapa wachache waliosalia nafasi ya kuwa wengi.

Kwa hiyo vifaa huanikwa juu ya kitambaa safi ambacho hakijatumika au karatasi za kufutia, mbali na vumbi na nzi, na kuachwa vikauke vyenyewe kabisa. Kuvifuta kwa kitambaa cha jikoni, desturi inayoonekana kuwa ya usafi, hurudisha vijidudu vilivyokwisha kuondolewa. Katika miezi ya mvua za masika, au katika miji ya pwani ambako hewa yenyewe ina maji, vali ndogo huweza kuchukua saa nyingi kukauka. Anayemudu gharama hununua seti ya pili, moja ikikauka nyingine ikitumika. Vikishakauka ndipo huwekwa kwenye chombo safi chenye mfuniko. Mfuko wa plastiki uliobana, kama ule wa mwaka 2016, hauna kosa kwa kitu kikavu. Kosa ni kuutia kitu chenye maji.

Wapo akina mama ambao, kwa kukosa mahali pa kuoshea kazini, huviweka vifaa visivyooshwa ndani ya friji kati ya kukamua mara moja na nyingine. Baridi hupunguza kasi ya bakteria, haiwaui. Kwa mtoto mkubwa mwenye afya, hiyo ni njia ya kujinusuru siku ngumu. Kwa mtoto njiti, haifai.

Pampu ya kuazimwa

Bei ya pampu ya umeme ni kubwa kwa familia nyingi, na si ajabu dada kumwazima dada, au mashine iliyokwisha kutumika kuuzwa mtandaoni. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, inaonya kwamba pampu iliyotengenezwa kwa mtumiaji mmoja isitumiwe na mwingine, hata ikibadilishwa mrija na vikombe, kwa kuwa maziwa yanaweza kuwa yamepenya hadi ndani ya mota. Maziwa ya mama huweza kubeba virusi, vikiwemo virusi vya UKIMWI, na hilo peke yake latosha kumfanya mtu ajiulize mara mbili. Pampu kubwa za hospitali ni jambo tofauti: mota yake imezibwa ili itumiwe na wengi, lakini kila mama hupewa vikombe, mrija na chupa vyake.

Asiyeweza kununua hajakosa njia. Mkono uliooshwa vizuri hukamua maziwa pia, na hauna vali, mrija wala kiwambo cha kusugua. Wauguzi wa wodi za wazazi hufundisha namna ya kufanya hivyo, na maziwa huangukia moja kwa moja kwenye chombo kilichochemshwa. Mtoto naye huweza kunyweshwa kwa kikombe kidogo, ambacho ni rahisi kukisafisha kuliko chupa yenye chuchu. Kukimbilia maziwa ya kopo kwa kuogopa pampu hakuondoi hatari, kwani Cronobacter wamekutwa mara nyingi zaidi kwenye maziwa ya unga.

Umeme unapokatika

Maziwa yaliyokamuliwa kwa usafi hukaa saa 4 katika hali ya hewa isiyozidi nyuzi joto 25, siku 4 kwenye friji, na miezi takriban 6 kwenye friza. Mchana wa Mombasa au Dar es Salaam huzidi nyuzi 25 kwa urahisi, hivyo saa hizo 4 zisihesabiwe kama dhamana. Yaliyoyeyushwa hutumiwa ndani ya saa 24, na hayapashwi kwenye maikrowevu, kwani joto lake halienei sawa na huweza kumbabua mtoto kinywani. Chupa huwekwa ndani ya maji ya moto hadi ivuguvugike.

Umeme ukikatika, friji ambayo haikufunguliwa hushikilia baridi kwa saa 4 hivi, na friza iliyojaa kwa siku 2. Maziwa ambayo yangali na chembe za barafu yaweza kugandishwa tena. Yaliyoyeyuka kabisa lakini bado ni ya baridi huwekwa kwenye friji yakatumika siku inayofuata, na yaliyokwisha kupata joto la chumba yakakaa hivyo kwa muda usiojulikana humwagwa.